Foklifti ya matairi makubwa au telehandla? Tofali zangu hazipandi

Mhandisi, shikamoo.

Mimi ni mkandarasi wa majengo daraja la tano, nipo Dodoma. Nina kazi ya hosteli ya wanafunzi: chini na ghorofa tatu juu, jengo la mita 36 kwa 12. Slabu ya kwanza tumeshaimwaga kwa winchi, matoroli na vibarua, na hatukupata shida. Shida imeanza kwenye tofali. Vijana wanazipandisha begani kwa ngazi ya mbao, tofali ya inchi sita moja moja. Nyingine zinameguka pembe kabla hazijafika, na ikifika saa tano watu wameisha nguvu. Wiki jana mmoja aliteguka bega.

Nina njia mbili mezani. Kuna jirani anauza foklifti iliyotumika, ile ya saiti yenye matairi makubwa, inavuta magurudumu yote manne. Inabeba tani 3 na mlingoti unafika mita 4. Bei yake si mbaya. Njia ya pili ni kukodi telehandla, ile mashine ya kunyanyulia yenye mkono unaorefuka kwenda juu na mbele, ya tani 4 na mkono wa mita 14, lakini bei yake ya siku moja inatisha.

Fomani wangu anaitaka telehandla. Shemeji yangu, ambaye ni mbia wangu, anasema hiyo ni anasa: "Tatu na nne tofauti yake tani moja tu, unalipia nini?" Anasema foklifti tutabaki nayo, hata uwanja wetu wa kufyatulia tofali utafaidika, maana tunauza pia kwa watu wengine. Opereta tayari tunaye, kijana aliyeendesha foklifti ghalani miaka kadhaa. Na shemeji anaongeza kwamba wakati wa rangi tutawapandisha mafundi juu ya paleti, tusikodi jukwaa.

Saiti yetu mbele ni barabara, ardhi ngumu. Nyuma inateremka kwenye korongo, udongo mweusi. Jukwaa la mbao limezunguka jengo lote. Mvua zikianza Desemba sijui kitakachotokea huko nyuma. Nisaidie, tununue au tukodi, na ipi?

Mkandarasi, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Mpe pole huyo kijana wa bega, na hiyo ngazi ya mbao ivunje leo bila kusubiri mashine.

Nianze na hesabu ya shemeji, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Tani 3 za foklifti na tani 4 za telehandla hazipimwi kwa namna moja. Foklifti inabeba mzigo puani pake. Zile tani 3 zimepimwa kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 50 kutoka kwenye kisigino cha uma, yaani pale vyuma viwili vya kubebea vinapokunja kwenda juu, na mlingoti unapanda wima, kwa hiyo mzigo hausogei mbali na magurudumu hata ukienda juu. Uwezo hupungua kidogo huko juu, si sana. Telehandla ni habari nyingine. Tani 4 inazibeba mkono ukiwa umekunjwa, mzigo uko karibu na matairi. Ukiunyosha mkono mbele, kila mita inakula uwezo. Mashine nyingi za mita 14 mkono ukienda mbele mpaka mwisho hubaki na tani moja hivi, na hapo miguu ya kushikilia imeshushwa chini. Miguu ikiwa juu, hata hiyo hupati.

Kwa hiyo shemeji wako hajakosea tu, amekosea kwa upande ambao hakuutegemea. Kuna mahali telehandla ya tani 4 inashindwa na foklifti ya tani 3. Pesa unayolipa ni ya kuvuka: mzigo uende juu na mbele, upite juu ya kitu ambacho magurudumu hayawezi kukikanyaga. Swali lako ni moja tu, kati ya matairi na mahali paleti inapotakiwa kukaa kuna nini?

Kwako kuna mengi. Kuna jukwaa, tuseme lina upana wa mita moja na robo. Kuna ukanda wa kifusi mlichorudishia kwenye msingi, mita moja na nusu au mbili. Kile kifusi hata kikishindiliwa usikiamini kwa mashine yenye tani kadhaa inayonyanyua mzigo. Ukijumlisha, matairi yako yatasimama mita tatu au zaidi kutoka ukingo wa slabu, na bado paleti nzima inatakiwa iingie ndani ya ukingo. Uma wa foklifti kwa kawaida una mita moja na kidogo. Itafikisha tofali kwenye jukwaa lako, na jukwaa la mirunda na mbao halikutengenezwa kupokea tani moja na nusu kwa mpigo. Unaona, hapa hata sijafika kwenye urefu wa mlingoti. Ukitaja urefu, mita 4 inakufikisha slabu ya kwanza tu, maana slabu zako ziko karibu mita 3.2, 6.4 na 9.6. Foklifti za aina hii zenye mlingoti wa mita 6 na zaidi zipo, lakini tatizo la kuvuka halikutoki.

Kwa hosteli hii, basi, fomani wako yuko sahihi. Kodi telehandla. Ila usiikodi kama mtu anavyokodi gari la harusi, ikae imepaki ipigwe picha.

Pima kwanza. Chukua futi kamba, simama pale matairi ya mbele yatakapokuwa, pima mpaka ukingo wa slabu, ongeza mita moja ya paleti kuingia ndani. Tuseme umepata mita tano. Sasa pima mzigo. Tofali ya saruji ya inchi sita ni kilo 30 hivi. Weka moja kwenye mzani uhakikishe, maana mchanga na unyevu hutofautiana. Tofali 50 kwenye paleti ni tani moja na nusu, bado paleti yenyewe. Paleti ya saruji mifuko 40 ni tani 2. Mwombe mwenye mashine akutumie picha ya chati ya mizigo ya mashine ileile utakayoletewa. Isiwe ya kwenye mtandao, wala ya "inafanana na hiyo". Chati hiyo hubandikwa ndani ya kabini, na ina mistari ya upinde: upande mmoja urefu, upande mwingine umbali wa mbele. Tafuta mita 9.6 juu na mita 5 mbele, usome uzito ulioandikwa kwenye eneo hilo. Mashine nyingi za tani 4 na mita 14 zikishusha miguu zitaibeba paleti yako ya tofali hapo bila kuhangaika. Chati ikikupa chini ya uzito wako, punguza tofali. Usimruhusu opereta akwambie "inabeba tu, nimeshabeba zaidi ya hiyo".

Hata jina la mashine linasomeka. Kwa mashine za kampuni ya JCB, 540-140 maana yake ni tani 4.0 na mita 14 hivi. 535-95 ni tani 3.5 na mita 9.5. Manitou wao huanza na urefu: MT 1440 ni mita 14, tani 4.0. Nakwambia hivi kwa sababu saiti nyingi kila telehandla huitwa Manitou, na Manitou hao hao wanatengeneza pia foklifti za mlingoti. Ukipiga simu ukasema "niletee Manitou" unaweza kuletewa kitu ambacho hukukitaka, na lobedi, lile lori la kubebea mashine, umeshailipia.

Sasa ardhi. Fanya kazi zote upande wa barabara. Kule nyuma kwenye udongo mweusi usimpeleke opereta, si sasa wala Desemba. Magurudumu manne yanayovuta yanakusaidia kutembea kwenye matope. Kusimama na mzigo juu ni jambo jingine. Mteremko mdogo chini, mkono ukiwa mita kumi juu, unausogeza mzigo pembeni kiasi cha kutisha. Ndani ya kabini kuna kipimo cha maji cha kuonyesha kama mashine imelala sawa. Telehandla nyingi za ukubwa huo zina uwezo wa kujisawazisha kushoto na kulia, na hiyo hufanywa mkono ukiwa chini, kabla ya kunyanyua. Ukimwona opereta anasawazisha mashine wakati mzigo uko juu, mshushe kwenye kiti. Mtengenezee vituo viwili mbele ya jengo, maana mita 36 kituo kimoja hakitoshi: mwaga changarawe, shindilia, na uweke mbao nene au mabati mazito chini ya kila mguu. Matoroli yatamalizia kupeleka tofali upande wa nyuma. Kwenye slabu toroli linakwenda vizuri.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako haikuligusa kabisa, na ndipo majengo huumia. Paleti ikishatua juu ya slabu, nani anaibeba? Slabu ya vyumba vya kulala kwa kawaida hukokotolewa kubeba mzigo wa matumizi wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Paleti yako ya tofali ni kilo 1,500 kwenye mita moja ya mraba. Kwenye zege la wiki mbili, ambalo mirunda yake kijana fulani ameshaanza kuichomoa ili akatumie kwingine, huo ni mchezo mbaya. Fanya hesabu ya jengo lako. Kuta za ghorofa moja, pamoja na za vyumba, tuseme ni mita za mraba 300. Tofali kumi kwa mita ya mraba, ni tofali 3,000, ni paleti 60, ni tani 90. Sakafu yako ni mita za mraba 432. Hata ukizisambaza sawasawa kila mahali unapata kilo 208 kwa mita ya mraba. Yaani ghorofa nzima ya tofali ikipandishwa kwa mpigo inaijaza slabu mpaka shingoni, na hiyo ni kabla ya kuzirundika. Vibarua hawakuwahi kukuletea tatizo hili kwa sababu walikuwa wanapandisha moja moja na mafundi wanazijenga. Mashine itakuletea kabla ya chai ya saa nne.

Nenda kwa mhandisi aliyechora miundo, mwambie unataka kutua paleti za tani moja na nusu, akuchoree kwenye ramani wapi zikae. Karibu na nguzo na juu ya biimu ndiko atakakokuelekeza, na atakwambia mirunda ya chini ibaki mpaka lini. Alama za maeneo hayo zipigwe kwa rangi kwenye zege lenyewe. Pandisha theluthi, wajenge, upandishe tena.

Jambo la pili la huko juu ni mtu anayepokea. Uma ukifika, lazima reli ya kuzuia watu wasianguke ifunguliwe, na lazima awepo mtu pale ukingoni. Huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote kwenye saiti wakati huo. Macho yake yako kwenye paleti, anarudi kinyumenyume au anaivuta ikae sawa, na mbele yake pako wazi mita tisa. Afungwe mkanda wa usalama kwenye kitu cha kudumu, yaani nguzo ya zege na si mrunda. Mlango wa reli uwe unafunguka na kufungwa, usiwe mbao zinazobomolewa asubuhi zikarudishwa kesho. Chini, weka kamba, asipite mtu. Na awepo mpiga ishara mmoja tu, anayeonwa na opereta na pia na mpokeaji.

Kama slabu ya juu yake imeshamwagwa, ujue mkono hauingii ndani kama droo. Unakuja kwa mshazari kutoka chini, kwa hiyo ukiingia kidogo unagonga ama ukingo wa juu ama wa chini. Utahitaji jukwaa la kupokelea linalochomoza nje, lililokokotolewa na mhandisi, au upandishe sehemu ya tofali kabla hujafunga mbao za slabu inayofuata. Panga ratiba na fomani sasa.

Nondo. Nondo ya milimita 16 yenye mita 12 ina kilo 19. Nondo mia ni karibu tani 2, kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni urefu. Ukizilaza juu ya uma, ncha zinaning'inia na kupiga mbizi kila mashine inapoyumba, na mzigo mzima unateleza upande mmoja. Tumia ndoano iliyotengenezewa mashine hiyo na boriti ya kutandazia yenye sehemu mbili za kufungia, na kamba ya kuongozea mwishoni. Kila kiambata, iwe ndoano au ndoo, kina chati yake. Chati ya uma usiisomee ndoano.

Hesabu ya kukodi sasa. Paleti 60, hata ukizipa dakika kumi kila moja, ni saa kumi za kazi. Kwa vile nimekwambia upandishe kwa awamu, huhitaji mashine mwezi mzima. Kusanya kazi: tofali zipangwe kwenye paleti uwanjani kwako kabla haijafika, nondo zifungwe, saruji iwepo. Itumie siku mbili tatu za nguvu kwa kila awamu, na zege liendelee na winchi yako. Kwenye mkataba andikeni nani analipa dizeli, nani analipa lobedi kuja na kurudi, siku ya mvua inahesabiwaje, na mashine ikiharibika saa inasimama au haisimami. Mara nyingi bei ya siku inayotisha inatulia ukiiweka kando ya mishahara ya vibarua, tofali zilizomeguka na siku ulizopoteza. Weka namba zako mwenyewe.

Dai mashine ije na opereta wao, mwenye cheti, na cheti cha ukaguzi kinachotambuliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kijana wako wa ghalani anaweza kuwa hodari, lakini amezoea sakafu ya saruji na mzigo ulio puani. Telehandla ina namna tatu za usukani, na kwenye nyingi mkono hulala upande wa kulia wa kabini, ukimfichia dereva upande huo. Pia ina taa za tahadhari za kijani, njano na nyekundu zinazomwambia mzigo unakaribia kuiangusha mashine mbele. Umpeleke akasome, halafu tuzungumze. Na siku mashine ikifika, muulize opereta akuonyeshe taa hizo zinawaka. Kama mtu ameshazikata waya ili zisimsumbue, irudishe.

Mafundi rangi juu ya paleti: hapana, na sitalijadili sana. Zipo telehandla zenye kikapu cha watu kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, chenye vidhibiti ndani yake na kilichoidhinishwa kwa mashine hiyo. Paleti si kikapu. Mwambie shemeji jukwaa litakodiwa.

Lakini shemeji huyo huyo amesema neno moja la maana, nalo ni uwanja wa tofali. Pale ndipo foklifti ya jirani ilipozaliwa kufanya kazi. Manitou walipotengeneza foklifti yao ya kwanza ya ardhi mbovu kule Ufaransa mwaka 1958, walichofanya ni kuligeuza trekta kinyumenyume na kulifunga mlingoti. Hata leo mashine hizi zina asili hiyo: ni rahisi, ngumu, na fundi mzuri wa trekta hapotei ndani yake. Kupakua lori, kupanga paleti, kumpakilia mteja, ardhi ya vumbi isiyo na lami, mzigo wa tani moja na nusu kila mara na kimo kisichozidi mita mbili: huko telehandla ya mita 14 ingekuwa ufujaji. Kwa hiyo inunueni kama uwanja peke yake unaweza kuilipia. Usiingize hosteli kwenye hesabu hiyo hata shilingi moja.

Kabla ya kulipa, peleka fundi na kipimo cha kalipa. Apime unene wa uma pale kisigino, alinganishe na unene wa sehemu ya juu isiyosuguliwa. Ukikuta umepungua asilimia 10, uma huo umekufa, kwa sababu nguvu inayopotea ni kama asilimia 20. Apime minyororo ya mlingoti. Ikiwa imerefuka asilimia 3, ibadilishwe. Nyanyua paleti ya tofali mita moja, zima injini, kunywa chai, urudi uangalie imeshuka kiasi gani. Tazama kama bamba la uwezo bado lipo kwenye mashine na linasomeka. Zunguka kwenye mihimili ya mlingoti utafute mahali palipochomelewa pakapakwa rangi mpya, na ukipaona muulize mwenyewe kilitokea nini. Akikuzuia kuizima injini mzigo ukiwa juu, au akisema fundi wako asiguse minyororo, msibishane bei. Rudini nyumbani.